Uzi maalumu wa tunaosubiri Horizon sehemu ya pili: Costner na genge lake, njooni tukae hapa

Kamba_ya_Katani:
Wakuu habari za saa hizi,

Mimi ni mgonjwa wa picha za kauboi tangu enzi za kibanda umiza, tulikuwa tunalipa hela ya maandazi tunabanana kwenye benchi mgongo unauma lakini hutoki mpaka stelingi apande farasi aondoke zake. Kwa hiyo nilivyosikia mzee Kevin Costner anarudi porini na picha nne, sio moja, NNE, nikasema huyu ndo mwenzangu. Sasa tuko wengi tunasubiri hiyo sehemu ya pili na naona kila mtu analalamika kivyake kwenye nyuzi za watu, nimeona bora nifungue ya kwetu.

Kwa ambao hawajafuatilia niwape kidogo. Horizon ni hadithi ambayo Costner anatembea nayo tangu 1988. Miaka na miaka amezunguka nayo kutafuta wa kumtilia hela, wapi. Mwisho akasema isiwe tabu, akaingiza mkono mfukoni kwake mwenyewe, akaweka rehani eneo lake la ufukweni huko California, akatia dola milioni 38. Magazeti yaliandika 20 yeye ndo akawarekebisha kwamba jamani ni 38. Kwa hela yetu hiyo inagonga karibu bilioni 100. Mzee aliyevuka miaka 70, ana watoto saba. Humu ndani kuna watu wanaogopa kuweka bondi pikipiki.

Sehemu ya kwanza ilizinduliwa tamasha la filamu la Cannes Mei 2024, ikaingia kumbi za Marekani Juni 28, urefu wake saa tatu na dakika moja. Ya pili ilikuwa ifuate Agosti 16 mwaka huohuo, wiki saba tu baadaye. Wikiendi ya kwanza ikaleta kama dola milioni 11, na mpaka inatoka kumbini dunia nzima haikufika milioni 40, wakati kuitengeneza tu inasemekana ni 50. Wasambazaji wakaichomoa ya pili kwenye ratiba. Ikaoneshwa tamasha la Venice Septemba 2024, ikaoneshwa tena tamasha la Santa Barbara Februari 2025, yaani waalikwa wameshakula, sisi wenye njaa tuko nje ya geti tunanusa pilau.

Sasa nauliza, nani unamsubiri kwenye hii kasti na mnadhani mzee atatoboa? Mimi namsubiri Sienna Miller, sababu nitaitoa nikitulia. Uzi tayari.

BintiPangani:
Siti ya mbele. Naja na karanga.

Jogoo_la_Shamba:
Mkuu mimi niliiangalia hiyo ya kwanza na nikiri sikumaliza siku moja. Stelingi mwenyewe Costner anatokea baada ya saa nzima!! Saa nzima nimekaa nauliza huyu mzee yuko wapi nikadhani nimepewa picha nyingine. Halafu unaanza kumzoea huyu wanakutoa wanakupeleka kwa wale wa mikokoteni, unawazoea wale wanakurudisha kwa wanajeshi, mara wazungu wanawinda Wahindi Wekundu kwa hela, mwishoni kabisa wanakumwagia vipande vya picha ijayo bila hata neno moja na ndo imeisha. Hiyo sio muvi, hiyo ni tamthilia ya saa tatu usiku. Wasambazaji wana haki zao.

Kamba_ya_Katani:
Jogoo sikukatalii, ile ya kwanza ni mlango tu, ni kama mtu amekukaribisha sebuleni amekutambulisha ukoo mzima akakuambia chakula kiko kesho. Lakini niambie kweli ile sehemu ya kupanda kilima hukuiona? Costner yaani Hayes Ellison anapanda kilima kwa mguu kule kwenye kambi ya wachimba madini, pembeni yake yule kijana Caleb Sykes anamchokonoa maneno, unatokea wapi, unaenda kwa nani, unajiona nani. Mzee anajibu kidogokidogo, hataki shari. Wanapanda tu. Hakuna muziki wa kukutisha, hakuna farasi, ni watu wawili na pumzi zao, na wewe unajua kabisa wakifika juu mmoja hashuki. Mimi nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Na huyo Caleb ni Jamie Campbell Bower, ndo yule yule Vecna, adui wa kwenye tamthilia ya Stranger Things. Kijana ana sura ya kwamba hata akikuamkia unahisi umetukanwa.

Mtoto_wa_Kisauni:
Wasee wa Bongo habari zenu. Huku kwetu Kenya hii kitu inangoja mtu mmoja tu, DJ Afro, yule msee wa kusimulia muvi. Hizo saa tatu mnazolia Afro anazimaliza na hamtajua zimeenda wapi. Kile kilima angekisimulia mpaka mkojo ukutoke hahaha. Mimi Costner namjua kwa Yellowstone, mzee Dutton. Alivyoiacha ile series ndo aje afanye hii nilisema huyu mzee ama anajua kitu sisi hatujui ama ameshachoka na maisha.

Jogoo_la_Shamba:
Ameshachoka na maisha.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma:
Wajukuu zangu mnaongea kuhusu kauboi bila kumtaja Terence Hill na Bud Spencer, hii ni dharau. Sisi tumeangalia picha hizi Drive-In pale Msasani, watu wanakuja na gari, asiye na gari anakuja na mkeka. Leo hapo hapo ndo pana ubalozi wa Marekani, sijui kama wanajua kwamba kabla yao kauboi walishafika. Na kitu ambacho wengi hawajui wale wawili si Wamarekani hata kidogo, ni Waitaliano, majina yao Mario Girotti na Carlo Pedersoli, na yule mnene Pedersoli alikuwa muogeleaji, aliiwakilisha Italia Olimpiki ya Helsinki 1952. Zile ngumi za kushusha toka juu kama anapigilia msumari, ndo yeye. Na yale majangwa mengi mnayodhani ni Texas ni Hispania, mkoa unaitwa Almería. Tumedanganywa vizuri sana na tulifurahi.

Kamba_ya_Katani:
Shikamoo mzee wangu. Hapo umetupiga nondo, asante. Hii ya Costner yeye kaenda kupigia Utah kwenyewe, ile milima myekundu. Ndo maana hata ukizima sauti unaweza kukaa unaangalia tu. Mpiga picha ni J. Michael Muro, alishafanya naye Open Range 2003, ile ya Costner na Robert Duvall.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma:
Marahaba. Ile ya 2003 nimeiona. Wale wazee wawili wakija mjini kupigana, risasi ya kwanza tu, sitasema. Yule Costner anajua jambo moja ambalo vijana wenu wa leo hawajui, kwamba risasi moja ikipigwa lazima iwe na deni. Siku hizi wanapiga risasi mia tano hakuna hata anayezikwa.

BintiPangani:
Karanga zimeisha sasa naongea.

Ninyi wote mnaongelea bastola. Mimi kilichonishika ni ule usiku wa shambulizi pale kijijini. Waapache wanavamia, nyumba inawaka moto, Frances ambaye ndo Sienna Miller anaingia na binti yake Lizzie kwenye shimo chini ya sakafu, udongo unawaangukia hewa hamna, wanasukuma mtutu wa bunduki juu upenye udongo halafu wanapokezana kuvuta pumzi kupitia mtutu. Bunduki! Kitu ambacho picha nzima kinatoa roho za watu, kwao wawili kikawa pua. Nilikuwa naangalia na mama akauliza "hao wametoka?" mara tatu nikamwambia mama ngoja.

Halafu yule dada Mwingereza kwenye msafara wa mikokoteni, Juliette, anaigiza Ella Hunt. Msafara uko jangwani maji yanahesabiwa kwa kata, yeye anajimwagia maji ya kunywa kwa sababu ya joto. Mimi nimekulia nyumba ya ndoo, maji ya kisima unabeba kichwani, wallahi nilitaka kuingia kwenye skrini nimchape. Na mume wake anamtetea! Luke Wilson ndo kiongozi wa msafara inabidi aende kuwaambia kwa adabu, jamani hapa hatuogi. Sasa nimesikia walioiona Venice wanasema ya pili wanawake ndo wameishika, huyo Juliette yanamkuta mazito na Frances anaanza upya. Ndo nasubiri hilo. Mtu uliyemchukia kwa ajili ya ndoo ya maji halafu ukae umlilie, huyo mwandishi ndo ananiweza.

Kamba_ya_Katani:
Dada umenimalizia maneno yangu yote ya Sienna Miller, sina cha kuongeza. Tena kwa wanaosema mzee anawapendelea wanaume.

Jogoo_la_Shamba:
Anampendelea mtoto wake. Yule kijana Nathaniel mtoto wa Frances ni Hayes Costner mwanae wa kumzaa. Bongo tungesema nini hapo.

Kamba_ya_Katani:
Hahaha hilo nalijua, na tena jina Hayes lilitangulia mtoto. Mhusika Hayes alikuwa kwenye makaratasi kabla huyo dogo hajazaliwa, mtoto alipozaliwa 2009 wakampa jina la stelingi. Lakini angalia alichompa mwanae kuigiza, mama anamwita aingie shimoni yeye anakataa anabaki juu na baba yake, na unajua kilichowapata waliobaki juu. Mimi upendeleo wa namna hiyo siutaki.

Wa_Chanika:
Acheni spoila bana mimi sijaangalia!!

Mtoto_wa_Kisauni:
Boss imetoka 2024. Ulikuwa wapi.

Wa_Chanika:
Nilikuwa natafuta hela ya bando.

Bikoni_Namba_Sita:
Wakuu nimewasoma wote kimya toka juu, naona hakuna aliyegusa kitu ambacho kwangu ndo picha yenyewe. Kazi yangu ni mambo ya upimaji ardhi, sio mkubwa, nabeba vifaa.

Picha inaanza vipi? 1859, bonde la mto San Pedro huko Arizona. Watu wawili watatu wanapigilia vigingi kando ya mto na kamba zao. Hawana ng'ombe, hawana jembe, hawana shida na mtu. Wanapima. Na juu kule watoto wa Kiapache wamekaa wanawaangalia wanajiuliza hawa wanacheza mchezo gani. Mimi nilivyoona vile vigingi tu nikasema hapa patachimbika, na kweli waliozikwa pale ni wapimaji. Halafu kinachonitoa jasho ni kwamba hao waliokufa hawakufundisha mtu kitu, wanakuja wengine wanajenga palepale ng'ambo tu ya makaburi, kwa sababu kuna karatasi. Kuna vipeperushi vimesambazwa nchi nzima, mji unaitwa Horizon, ardhi nzuri, maji yapo, karibuni. Karatasi imechapishwa na mtu yuko mbali hajawahi hata kukanyaga vumbi la pale.

Sasa niambieni huyo ni nani kama sio dalali. Mradi mpya, viwanja vimepimwa, bikoni zimewekwa, umeme uko jirani, dakika kumi toka barabara kuu, malipo kidogokidogo. Mimi mwenyewe na kazi yangu hii nilishauziwa kiwanja, sitataja ni upande gani wala nani, nilipewa karatasi ina mhuri na mashahidi wanne, nimefika kuanza msingi nakuta bibi amekaa chini ya mwembe wake ananiangalia tu. Hakunifokea. Akaniambia mwanangu wewe ni wa tatu. Siku nimeangalia ile familia inashuka na mizigo yao kwenye lile bonde nilimkumbuka yule bibi, maana kila mtu kwenye ile picha ni "wa tatu" lakini hajui.

Kwa hiyo mimi simsubiri Costner wala simsubiri Sienna Miller, namsubiri mwenye karatasi. Anaitwa Pickering, anaigiza Giovanni Ribisi, kwenye sehemu ya kwanza unamuona sekunde chache mwishoni na mashine yake ya kuchapa, hasemi neno. Watu mia wamekufa kwa ajili ya karatasi zake na sisi bado hatujasikia sauti yake. Ile sehemu ya pili mtu wangu ni huyo.

BintiPangani:
Mungu wangu. "Mwanangu wewe ni wa tatu."

Mtoto_wa_Kisauni:
Hii comment ya Bikoni ingefungwa kwa fremu. Huku kwetu wacha tu nisianze hadithi za title deed, moderator atafunga uzi.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma:
Kijana ulirudishiwa hela yako?

Bikoni_Namba_Sita:
Mzee wangu bado naifuatilia.

Nyika_Njema:
Naomba nichangie upande mwingine. Bikoni ameongea vizuri sana ila hata yeye ameongelea walionunua. Yule bibi wa chini ya mwembe kwenye picha ya Costner ni nani? Ni Waapache, na wamepewa dakika ngapi? Sehemu ya kwanza ni saa tatu, wenyewe wanakuja wanachoma kijiji usiku, unawaona kidogo wanagombana kambini kwao, basi. Wakosoaji wengi walilisema hilo na mimi nakubaliana nao. Mwaka 1990 Costner huyuhuyu alifanya Dances with Wolves, watu wanaongea Kilakota sehemu kubwa ya picha, watazamaji wanasoma maandishi chini. Sasa baada ya miaka zaidi ya thelathini anarudi nyuma?

Kamba_ya_Katani:
Nyika hoja yako nzito na sitaikimbia. Ila kidogo nitete: yale mabishano ya kambini mimi naona ni mbegu. Pionsenay, anaigiza Owen Crow Shoe, ndo kaongoza shambulizi, mzee wa kabila anamkaripia mbele ya watu kwamba umetuletea balaa, kijana anakataa anaondoka na watu wake milimani. Yumo pia Taklishim, Tatanka Means huyo, mtoto wa Russell Means mwanaharakati maarufu wa Wahindi Wekundu. Ugomvi wa wazee na vijana kuhusu mgeni aliyeingia, tupigane au tuhame, hiyo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Majimaji ilikuwa na nyumba za namna hiyohiyo. Kama sehemu ya pili hawajapewa nafasi nitakuja hapa nikuombe radhi hadharani.

Na usisahau wale wazungu wanaowinda ngozi za vichwa kwa malipo, wanachukua hata wasiohusika na shambulizi, na wameambatana na yule mtoto Russell aliyepoteza watu wake. Costner hajawapaka poda pale.

Nyika_Njema:
Nimeshapiga screenshot hiyo ya kuomba radhi.

Mbongo_Minnesota:
Niko huku Marekani, mimi niliingia ukumbini wiki ile ya kwanza. Niwape hali halisi. Ijumaa usiku, ukumbi mkubwa, tulikuwa hatufiki ishirini, mimi ndo kijana na nina miaka 46. Wengine wote wazee wa kizungu wamevaa kofia zao na buti, wamekuja na wake zao, mmoja kalala toka dakika ya arobaini mpaka taa zinawaka. Ila nilichokipenda, wakati wa kile kilima alichosema mwenye uzi hakuna aliyetafuna bisi, ukumbi mzima kimya, na mzee mmoja nyuma yangu akaguna tu "mmh" kama mjomba wangu wa Singida. Nikatoka pale nikasema hii picha haijakosa watu, imekosa watu wa kutoka nyumbani. Watu wake wana magoti mabovu, wanasubiri waone wamekaa kwenye kochi. Na kweli ilivyoingia kwa wanaostrimu nyumbani Agosti ile ndo nikaanza kusikia wafanyakazi wenzangu wanaiongelea.

Mtoto_wa_Kisauni:
"Mjomba wangu wa Singida" 😂😂

Jogoo_la_Shamba:
Sawa mmeongea mengi mazuri ila hesabu ni hesabu. Milioni 38 zake zimeingia, nyingine za watu aliowakopa sura, sehemu ya kwanza haijarudisha. Ya tatu alianza kuipiga Mei 2024 hata ya kwanza haijatoka! Mtu anajenga ghorofa ya tatu na ya kwanza haina mlango. Nionesheni biashara gani hiyo.

Kamba_ya_Katani:
Jogoo wewe ni mfanyabiashara kwa hiyo nitakujibu kwa historia ya mteja. 1990 kabla Dances with Wolves haijatoka waandishi walimcheka mpaka wakaibatiza "Kevin's Gate", wakiifananisha na Heaven's Gate, picha ya kauboi ya 1980 iliyoiangusha studio nzima. Saa tatu, Kilakota, dairekta mara ya kwanza, nani ataangalia. Ikachukua Oscar saba ikiwemo picha bora na dairekta bora, na ikaingiza zaidi ya milioni 400 kwa bajeti ya milioni ishirini na kitu. Waliomcheka ndo wakawa wanamuomba mahojiano.

Jogoo_la_Shamba:
Na 1997? Sema na The Postman. Milioni 80 ziliingia zikatoka kiduchu tu. Mbona hiyo hukuileta.

Kamba_ya_Katani:
Hiyo nimeiweka chini ya godoro. Ndo mzee wetu alivyo, anapiga paa au anapiga hewa, hajui kupiga katikati. Ila angalia, Will Patton aliyekuwa adui yake kwenye hiyo hiyo picha ya 1997 yumo tena humu, ni Owen Kittredge, safari hii baba wa mabinti anaenda na msafara kutafuta ndugu zake ambao sisi tumeshajua yaliyowapata na yeye hajui. Watu waliozama naye mtumbwi mmoja wamekubali kupanda naye mwingine. Mimi hapo ndo namuamini.

Kwenye kasti wengine kwa haraka maana mmeniuliza inbox: Sam Worthington wa Avatar ni luteni anayempenda Frances, na Ribisi naye ni wa Avatar kwa hiyo wamekutana tena wanagombania ardhi za watu hahaha. Michael Rooker ni sajenti, na kwa mara ya kwanza nimemuona Rooker ana roho nzuri nikawa namsubiria abadilike. Abbey Lee ndo Marigold, aliyeachiwa mtoto asiye wake na akamuingiza mzee Hayes kwenye matatizo, halafu kule mwishoni akamuacha kwenye mataa. Jena Malone ndo mama wa huyo mtoto, alimpiga risasi baba yao akina Sykes akakimbia na ndo chanzo cha ndugu kumsaka. Isabelle Fuhrman ni binti wa Kittredge, huyo ndo yule mtoto muuaji wa picha ya Orphan, ukimuona amesuka nywele kwenye mkokoteni unaanza kuhesabu watu wazima waliobaki.

Wa_Chanika:
Sasa mmenimalizia yote, bora niangalie tu.

BintiPangani:
Wa Chanika angalia mpaka mwisho, ule mwisho wenyewe wa vipande vipande usiukimbie. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni treila nikazima. Mara ya pili nikaenda nasimamisha kipande kimoja kimoja, nimemuona Frances anabeba mbao, nimeona mji unaanza kusimama. Wanajenga tena, palepale.

Bikoni_Namba_Sita:
Palepale.

Mbongo_Minnesota:
Ikitangazwa tarehe nitakuja kuweka hapa kabla hata sijala. Mwenye uzi usiufunge.

Kamba_ya_Katani:
Haufungwi mkuu. Nimeubandika na gundi ya viatu.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma:
Mimi nina ombi moja. Siku ikipatikana, mmoja wenu aliye huku Dar aniite nije kuangalia kwake, hiyo simu ya mjukuu wangu ni ndogo farasi wanafanana na mbuzi. Nitakuja na kiti changu. Ila mnikalishe karibu, maandishi ya chini siyasomi, na asiwepo mtu wa kuniambia nani anakufa.

Wa_Chanika:
Mzee njoo kwangu, nina tivii ya inchi 43. Ila itabidi unisubiri nimalize ya kwanza.

Mzee_wa_Viti_vya_Nyuma:
Chanika mbali mwanangu. Lakini nitakuja. Nauli ni shilingi ngapi kutoka Mwenge?